Kuku wa Mlima wa Sala

Leo nimevuliwa suruali mlimani, kwenye theluji, na mzee ambaye Jumamosi hii nilikuwa nipeleke wajomba zangu kwake kumposa binti yake. Mkewe alikuwepo. Yeye ndiye aliyevuta mguu wa kushoto wa suruali.

Nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi. Acheni niwaeleze mwenyewe tangu mwanzo, kabla binamu yangu Dieudonné hajawaeleza kwa namna yake.

Mnaokaa West Side hapa Buffalo mnakijua kikundi chetu cha sala. Kiongozi ni Papa Byamungu. Kule kwetu Bukavu watu wa sala hupanda mlima, wakafunga na kuomba huko juu, na Papa amelalamika tangu afike Amerika kwamba mji huu ni tambarare, maombi yanachelewa kupanda. Sasa mtu mmoja (simjui, na nikimjua tutagombana) akamwonyesha vilima vilivyo kusini mwa mji, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Papa akaamua twende. Katikati ya baridi! Wenyeji wanaviita vilima tu, lakini theluji ya huko inakufika magotini bila kuuliza unaviitaje.

Mimi nikanyoosha mkono. Kimbelembele changu kitanimaliza. Mwaka jana nilipanda milima wakati wa baridi pamoja na wenzangu wa kiwandani, wakanifundisha kazi hiyo vizuri, kwa hiyo vifaa ninavyo. Nina meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu ili nisiteleze. Nina soksi za sufu. Nina chupa ya chai inayotunza moto, na lile blanketi la dharura, jembamba, linalong'aa kama karatasi ya kufungia nyama. Nikasema nitawaongoza. Ukweli ni kwamba Papa Byamungu ndiye baba yake Furaha, msichana wangu anayefanya kazi Columbus, na nilitaka mzee aone kwamba binti yake anakwenda kwa mwanaume mwenye akili.

Papa akafurahi. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba responsable, yaani msimamizi, wa usalama ni Espoir. Nikavimba kichwa.

Kisha nikakumbuka kufunga. Nikamfuata pembeni, nikamweleza kwa adabu kwamba mwili usiokula hauna cha kutengenezea joto, na kwamba kwenye baridi kali mtu anatakiwa atafune kidogo kidogo njia nzima, hata kama hana njaa. Papa akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mpagani.

"Bon, Espoir," akasema. "Ku mlima ya sala batu habakulaka. Tutafungula saa tisa, sala ikishaisha. Wewe unafunga, ao hapana?"

"Nafunga, Papa."

Mlitaka niseme nini? Jumamosi ilikuwa inakuja!

Basi jana nikakaanga mapaja ya kuku, nikayatia pilipili ya kutosha, nikayaficha chini kabisa kwenye begi. Nilijiambia ni ya dharura, kama kuna mtu atazidiwa. (Nilikuwa namjua huyo mtu. Ninamwona kila asubuhi nikinyoa ndevu.)

Asubuhi tumefika chini ya kilima, nikawapanga watu mstari pale tulipoacha gari. Kuwaona tu, moyo ukaniruka. Karibu wote wamevaa jinzi, na pamba ikishalowa kwenye baridi inakunyonya joto mpaka utajuta. Mama Furaha amefunga kitenge juu ya jinzi, ili aheshimu mlima. Na Dieudonné, binamu yangu aliyekuja toka Louisville kunisimamia kwenye posa, amevaa viatu vya ngozi vyenye ncha! Nilipomuuliza, akanijibu kwamba tunaenda kusali na hivyo ndivyo viatu vyake vya kusalia.

Nikafundisha. Nikasema vaeni nguo nyepesi nyingi, si koti moja kubwa. Nikasema mkipanda fungueni makoti msitoke jasho, maana jasho ndilo litakalowagandisha mkisimama. Hakuna aliyesikiliza. Mama Furaha alikuwa anatafuta sauti ya wimbo. Papa alikuwa anakemea upepo. Mimi damu ikapanda, nikapaza sauti kwa lile somo la mwisho: mkimwona mwenzenu amejitenga, anatetemeka, mkimsemesha anajibu maneno yasiyoeleweka, basi baridi imemwingia kichwani. Msimsikilize. Atawaambia yuko sawa. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, mkumbatieni.

Hilo walilisikia. Hilo moja tu!

Tukapanda. Dieudonné alipanda akiwa ameshika begi langu, anateleza, ananivuta nyuma, tulipofika juu mgongo wangu ulikuwa umekwisha. Tukapata uwazi kati ya misonobari, wakaanza sala. Mnajua sala zetu: kila mtu kwa sauti yake, macho yamefungwa, mikono juu. Na mimi njaa ilikuwa imenishika vibaya. Nikarudi nyuma taratibu. Nikapita nyuma ya gogo moja kubwa, nikakaa kwenye theluji, nikajifunika blanketi langu la kung'aa gubigubi, nikatoa kuku.

Alikuwa ameganda.

Ndugu zangu, hakuna aliyenifundisha hili. Wenzangu wa kiwandani hubeba karanga na chokoleti. Hawajawahi kupanda na paja la kuku. Mafuta yamekuwa mshumaa, nyama imekuwa ubao. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Nikauma, nikavuta kwa meno, mwili mzima ukitikisika chini ya blanketi. Nikapata kipande kikubwa, kikakaa mdomoni, hakitafuniki, hakimezeki.

Hapo Dieudonné akafumbua macho. (Mtu gani anafumbua macho katikati ya sala? Mtu ambaye vidole vya miguu vinamuuma kwa ajili ya viatu vya kusalia.) Akaona kitu kinang'aa nyuma ya gogo, kinatetemeka. Akapiga kelele kwamba Espoir anakufa.

Walikuja wote mbio. Papa akalifunua blanketi upande wa uso, akaniuliza jina langu ni nani. Nikajibu. Kwa kipande kile mdomoni, hata mama yangu asingetambua ni jina gani. Nikajaribu kusema niko sawa. Nikawa nimeharibu zaidi.

"Musimusikilize," Papa akasema. "Njo vile alitufundisha. Mumutoshe nguo."

Suruali yangu ilikuwa imelowa kwa kukaa chini, kwa hiyo ikaondoka. Papa huku, Mama Furaha kule, Dieudonné ameshika mkanda. Chini yake nilivaa ile nguo ya kubana ya kutunza joto. Dukani za wanaume zilikuwa zimekwisha, nikachukua ya wanawake, ya zambarau, yenye maua. Nani angeiona? Mama mkwe wangu aliiona. Kwetu mkwe hata viatu hatakiwi kukuona unavivua.

Kisha Papa akanilalia kifuani kunipa joto, akanibana kwa nguvu za mtu anayempenda Mungu. Kipande kikaruka, kikatua kwenye koti lake.

Papa akakiokota, akakigeuza.

"Njo nini hii?"

"Kuku, Papa."

Mama Furaha akanusa. "Na pilipili," akasema.

Nilitamani baridi iwe imeniua kweli. Nikavaa suruali mbele ya watu, hakuna aliyegeuka pembeni. Dieudonné alishapiga picha, na kabla hatujafika chini ilikuwa imefika kwenye kundi la familia, Louisville yote na Columbus. Binamu wa kunisimamia! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nilidhani imeishia hapo. Tulipoanza safari ya kurudi, theluji inayoletwa na upepo wa ziwani ikatuangukia, barabara ikafungwa, tukakaa ndani ya gari kusubiri lile gari la kusukuma theluji. Saa tisa ilishapita. Watu wanatazama dirishani, matumbo yanaongea. Hakuna aliyebeba hata pipi. Hatimaye Papa akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Espoir. Kale kasaki yako, kako wapi?"

Nikafungua begi, nikatoa kuku. Wakamweka juu ya kipasha joto cha gari, akalainika, gari lote likanukia. Papa akaomba baraka. Alimshukuru Mungu kwa kutukumbuka jangwani, kwa kuandaa meza. Jina langu halikutajwa hata mara moja! Nani aliyesimama mbele ya mafuta ya moto jana? Wakala mpaka mifupa wakaitafuna. Mimi sikupewa hata mfupa.

Papa akapangusa midomo. Nikaona sasa atasema.

"Samedi baba zako basikuye," akasema, yaani Jumamosi wajomba wasije. "Mutu anapanda mlima na buongo, hawezi oa kwangu. Kwanza urudilie mufungo. Siku tatu. Kisha tutasemezana."

Alikuwa bado ameshika mfupa wa kuku wangu.

Wajomba walishaomba ruhusa kazini. Nimewapigia, mmoja amekata simu kwa kucheka. Furaha naye ameandika sasa hivi. Nilidhani ananiacha. Ameandika hivi: "Papa anasema ukimaliza kufunga, baba zako bakuye, na bakuye na ile kuku. Ya kutosha batu wote."

Sijui nifurahi au nivunje kitu. Ninachojua ni kwamba wote mliokula mmeshiba, mimi ndiye nimebaki na njaa, na niliwaambia tangu mwanzo kwamba mtu hapandi mlima wa theluji bila kula! Anayetaka kucheka asubiri siku tatu. Saa hizi nimekaa mbele ya friji, na sina uvumilivu.