Waya Unaoning'inia

Jumatatu, tarehe 3

Wiki ya tatu ya majaribio. Leo nimezungumza kazini mara mbili. Mara ya kwanza nilimwamkia mlinzi. Mara ya pili niliuomba radhi mlango wa kioo, nikidhani kuna mtu. Ni maendeleo.

Asubuhi kikao. Fundi wa mtandao alikuja kuwaeleza wakuu wa idara kwa nini kampuni inahitaji mitambo mipya. Alitumia vifupisho kumi na saba. Nilivihesabu. Alipofika cha tano, Mhasibu alikuwa anachora nyumba kwenye daftari. Alipofika cha tisa, Bwana Usafiri alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, biskuti mkononi. Mama Meneja akapiga meza. Akasema hawezi kupitisha kitu asichokielewa, na kwamba hapa tunauza matangi ya maji, hatuuzi herufi. Kisha akatugeukia sisi wawili tuliobanana ukutani, mimi na Kinanda. Ijumaa kila mmoja wetu atawaeleza wakuu mtandao ni nini, dakika kumi, bila mtu kusinzia. Atakayeeleweka ndiye atakayekuwa karani wa masjala. Nafasi ni moja. Mwingine atapewa cheti na kupungiwa mkono.

Kinanda ni mwenzangu katika majaribio. Jina hilo nimempa mimi, humu ndani tu, kwa sababu ukimgusa popote anatoa sauti. Alinyoosha mkono kukubali kabla Mama Meneja hajamaliza. Na mimi nikanyoosha. Kusema kweli nilikuwa nakuna sikio. Lakini nilishaandikwa.

Lazima niipate nafasi hii! Masjala ni chumba cha mafaili. Hakuna mtu humo. Nisipoipata, mama mdogo, ninayekaa kwake, atanichukua saluni kwake, ambako kazi ni kupiga soga na wateja tangu asubuhi hadi jioni. Afadhali mafaili. Mafaili hayakuulizi utaolewa lini.

Mpango wa kwanza: nionekane naujua mtandao. Nilikwenda masjala, ambako juu ya rafu kuna kisanduku cheusi chenye matundu mengi na taa ndogo ndogo. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma, kama daktari. Nyaya zote ni za buluu na zimesokotana kama nywele za aliyetoka kuamka. Nikauona mmoja umechomekwa ncha moja tu. Ncha ya pili inaning'inia hewani, inayumba. Mimi kitu kinachoning'inia siwezi kukivumilia. Nimewahi kukata uzi uliochomoza kwenye shati la mchungaji, akiwa amelivaa, akiwa anahubiri. Kulikuwa na tundu tupu, la nne kutoka kushoto. Nikachomeka. Ka! Taa zote zikaanza kupepesa kwa pamoja, haraka haraka, kama zinanipigia makofi.

Dakika chache baadaye mtandao ukakatika jengo zima. Hata hilo halikuniharibia siku.

Jumanne, tarehe 4

Mtandao bado umekufa. Barua pepe haziingii. Mhasibu anaitazama kompyuta yake kama mtu aliyenuniwa. Oda zinakuja kwa simu, na mpokeaji ni Kinanda, ambaye sauti yake ingefika hata bila simu. Shule iliyoomba tangi moja imepelekewa matatu.

Fundi ameipigia kampuni inayotuletea intaneti. Wamesema kosa liko kwetu. Amesema liko kwao. Wamesema azime kisha awashe. Amezima. Amewasha. Amekaa chini.

Mpango wa pili: kumkamua Fundi. Nilimpelekea chai, nikamshikia tochi, nikanyamaza. Ukinyamaza, mwenzako anaongea mpaka anakwisha. Hii ni silaha ya sisi wenye haya na watu hawaijui. "Binti, sikiliza," akaanza, na hakuna kifupisho hata kimoja! Alisema ujumbe hausafiri mzima. Unakatwa vipande, kila kipande kinaandikwa kimetoka wapi, kinakwenda wapi na ni cha ngapi. Vinapita njia yoyote iliyo wazi, vinaungwa upya mbele ya safari. Kile kisanduku anakiita swichi, ingawa hakiwashi taa wala feni. Ni kama karani wa barua: kinajua nani yuko kwenye tundu lipi. Kikipata barua ya mtu kisiyemjua, kinatoa nakala kwa kila tundu, isipokuwa lile ilikotokea, ili mwenyewe ajitokeze.

Niliandika yote. Nikauliza swali moja, kwa kunong'ona: mbona taa zinapepesa zote kwa pamoja? Akasema hata yeye zinamtia wasiwasi. Nikamwambia mimi naona zinapendeza. Akaichukua tochi, akamulika tena.

Jumatano, tarehe 5

Hotuba imekamilika! Kurasa sita. Nimetumia mabomba, maana wakuu wetu mambo ya maji wanayajua. Wanadhani ukinunua mtandao mpana, kila kitu kitakuwa chapuchapu. La hasha! Bomba pana linapitisha maji mengi kwa mara moja. Lakini kama chanzo kiko mbali, tone la kwanza litachelewa tu, hata bomba liwe pana kama mlango. Upana ni jambo moja, kuchelewa ni jambo jingine. Nilipoandika hapo nilijipongeza kwa peremende.

Tatizo ni kuisema. Mbele ya mama mdogo nilisema "waheshimiwa" nikaishia hapo. Akanipa moyo: "Mwanangu, watu hawang'ati." Hajawahi kumwona Mhasibu.

Lakini nina akili. Nyuma ya ghala kuna tangi la lita elfu kumi, limelazwa ubavu likisubiri lori. Saa sita, watu wakila, nikaingia ndani. Giza, harufu ya plastiki mpya, hakuna jicho la mtu. Niliongea! Kwa sauti! Nilisema "waheshimiwa wakuu wa idara" mara tisa. Nilisema mabomba yote, mwanzo mpaka mwisho. Hata nikazoea, nikawa nawakemea wasikilizaji: "Wewe Bwana Usafiri, funga mdomo, nzi wataingia!"

Nikatoka kwa kinyumenyume, magoti yana vumbi, roho nyeupe.

Nje walikuwapo wapakiaji saba, mlinzi, na Bwana Usafiri mwenyewe. Mdomo umefungwa. Tangi tupu, kumbe, ni kipaza sauti. Inasemekana nimesikika hadi kituo cha mafuta.

Na Kinanda alikuwapo, na daftari, anamalizia sentensi.

Alhamisi, tarehe 6

Wizi! Saa nne ya chai Kinanda alikuwa jikoni anamweleza Mama wa Mauzo kwamba upana wa bomba ni jambo moja, kuchelewa ni jambo jingine. Hata ule mlango ameuweka. Mama wa Mauzo akamwambia ana kipaji.

Nilijikaza. Nikamfuata kwenye korido, nikamwambia ile hotuba ni yangu. Yaani nilisema "ile" na nadhani aliielewa iliyobaki. Akacheka. "Shoga yangu, wewe ulikuwa unatangaza. Redio nayo huwashtaki wasikilizaji?"

Jibu zuri lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Nimelisahau sasa.

Lakini nikiosha vyombo nikapata mpango wa tatu, mzuri kuliko yote. Kwa nini niongee mimi? Wakuu wenyewe wawe mtandao! Kila mmoja awe swichi. Nitawapa barua za kupitishana. Mimi nitasema sentensi nne tu, nyingine zitakuwa kwenye kadi. Na barua zote nimeziandikia Bwana Ghala, kwa sababu ana sauti nzuri. Yeye ndiye atakayezipokea na kuzisoma, badala yangu. Kadi za wengine zinasema: "Barua ikiwa si ya kwako, usikae nayo. Mpe jirani wa upande wa pili." Nimezikata kutoka kalenda ya mwaka jana. Kinanda hawezi kuiba watu wanane.

Ijumaa, tarehe 7

Niliwahi kufika kupanga viti. Kwanza niliviweka mstari mmoja. Nikatoka, nikarudi, nikatazama. Mstari una ncha mbili, na zote mbili zinaning'inia. Roho ikakataa. Nikavizungusha viwe duara. Safi sana.

Kinanda alianza. Mabomba yangu, ya kwangu mimi, na tabasamu juu yake. Wakuu waliitikia kwa vichwa. Lakini Bwana Usafiri, ambaye alishayasikia yote Jumatano, alisinzia. Nilimpenda sana wakati ule.

Zamu yangu. Nikawagawia kadi, kila mkuu na barua zake tatu. Nikasema sentensi ya kwanza. Nikasema ya pili. Ikalia simu ya Bwana Ghala: dereva amepotea na tangi, aliandikiwa mtaa usio wenyewe. Bwana Ghala akatoka nje mbio. Sikuwa na sentensi ya jambo hilo. Nikasema ya tatu: "Anzeni."

Wakaanza. Barua ya kwanza ikazunguka upande huu, ya pili upande ule. Kila mtu anasoma "Bwana Ghala", haoni Bwana Ghala, anampa jirani. Zikarudi zilikotoka. Zikapita tena. Wakaongeza nyingine, na nyingine. Hakuna iliyokuwa inafika na hakuna iliyokuwa inaisha. Mhasibu akapiga kelele kwamba hii ameshaiona mara nne. Mama wa Mauzo akasema, "Usinirudishie mimi, nimekupa sasa hivi!" Bwana Usafiri, macho makavu kabisa, alikuwa na barua sita mkononi na moja mdomoni. Chai ikamwagika. Mama Meneja, naye kitini, akaamuru wasimame, lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa bado unapokea na kutoa. Akanigeukia: "Binti, sasa zinakwisha vipi hizi?"

Nikatazama kadi. Kadi haikusema.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na tochi yake. Siku nne hajacheka. Akatazama zile karatasi zinavyozunguka, zinavyozunguka, na uso wake ukabadilika. Akasema polepole kwamba kwenye mstari zingefika mwisho zikafa. Hapa hazina mwisho. Kisha akapaza sauti: "Duara! Kuna mtu amefunga duara!" Akatimka kuelekea masjala.

Hata dakika mbili hazikupita. Simu zote zikalia kwa pamoja. Barua pepe za siku nne zikaingia, mlio juu ya mlio. Wakuu wakapiga makofi. Mhasibu, Mhasibu yule, akasema sasa ameelewa mtandao ni nini na ameelewa ulikufa vipi.

Fundi akarudi ameushika waya wa buluu, ncha moja kila mkono. Akasema zote mbili zilikuwa kwenye kisanduku kimoja. Barua ikitoka hapa inarudi pale, inatoka tena, mpaka kisanduku kinalemewa na kila kitu kinasimama. Akauliza ni nani aliyeuchomeka.

Kinanda akasema labda panya. Fundi akasema panya hutafuna, hachomeki.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Lakini Fundi aliniita binti, akanifundisha bila vifupisho, na macho yake yalikuwa mekundu kwa siku nne za kutafuta kosa langu. Nikasema, "Ni mimi. Ulikuwa unaning'inia."

Nimeshaiona saluni. Nimeshalisikia lile swali la utaolewa lini.

Mama Meneja akaanza kucheka, taratibu, mpaka akavua miwani. Akasema kwa siku nne nimeiweka kampuni kwenye giza, na kwa dakika nne nimeiondoa humo, na katika zote mbili hakuna aliyesinzia. Mitambo mipya imepita. Kinanda atabaki kwenye simu hadi mwisho wa mwezi, kunyoosha oda alizozipinda. Masjala ni yangu! Kwa sharti moja: nisiguse waya. Waya wowote. Aliniapisha mbele ya wote. Nikaapa, na nilikuwa namaanisha kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, tarehe 10

Meza yangu! Karani wa masjala, mimi! Mama mdogo ameniazima pochi yake nyeusi. Asubuhi nimeyapanga mafaili kwa herufi, kisha kwa miaka, kisha kwa rangi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Raha tupu.

Fundi amebandika karatasi kwenye kisanduku: USIGUSE. Herufi kubwa, kalamu nyekundu. Ameibandika kona moja tu. Ikawa inaning'inia. Hiyo si waya, kwa hiyo nikaibandua ili niibandike vizuri. Nyuma yake nikauona waya wa buluu. Ameuchomeka tena ncha moja tu na kuuacha hivyo hivyo, unayumba. Fundi ni mtu mwema lakini si mtu wa usafi.

Nimekumbuka kiapo changu. Nimevumilia mpaka saa tano kasorobo.

Lakini lazima mtu ajifunze kutokana na makosa yake, nami nimejifunza. Wiki iliyopita nilikosea kwa sababu nilichomeka tundu la nne. Leo nimechagua la saba.

Umeingia vizuri sana. Ka! Taa zote zimeanza kupepesa kwa pamoja, kama zinanikaribisha kazini.

Huko nje Kinanda anapiga kelele kwamba mtandao umekatika tena. Hao watu wa kampuni ya intaneti, sijui wana nini.