Kamati ya Uraia wa Magari

Wananchi wa Machakos, furahini! Baada ya mashauriano ya kina, na chai ya kina zaidi, Kamati ya Uraia wa Magari, ambayo mimi ni katibu wake, iliamua kwamba sokoni mjini yataingia magari ya nyumbani tu. Ya kigeni yangeegeshwa kule Kyumbi kwenye njia panda, na mzigo ubebwe na mwenye kuupenda.

"Tunalinda uchumi wetu," alitangaza Mwenyekiti, Mheshimiwa Kiema, akishuka kwenye gari jipya jeusi lililong'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Asubuhi ya kwanza alifika Mama Nthenya kutoka Kathiani, pikapu yake imejaa maembe yaliyoiva hadi barabara ikanukia. Nilimsimamisha langoni.

"Gari hili ni la nchi gani?"

"Ni yangu."

"Nauliza uraia, mama, si umiliki."

"Injini ni ya Japani. Hii mlango ilitoka kwa gari ya Mjerumani. Bodi iligongwa kwa nyundo na fundi Musau hapo nyuma ya stendi, na bampa ilikuwa geti ya mtu huko Tala. Sasa amua haraka, maembe haingojangi kamati."

Kamati ikaketi kando ya pikapu. Winfred, mtaalamu wetu wa uchumi, alishikilia kwamba gari ni la pale faida inapokwenda. Mjumbe mwenzetu Maundu akasema la, ni la pale nati ya mwisho inapokazwa. Tukajaribu kwa gari la Mwenyekiti: jina la Ulaya, wenye hisa wa Asia, vyuma vya Afrika Kusini, nati zimekazwa Mombasa. Winfred akaomba dawa ya kichwa. Nzi wakaanza kuhudhuria kikao.

"Mnipe ruhusa ama mninunulie maembe yote," Nthenya akasema.

Hapo Mheshimiwa Kiema akapata ufunuo. "Gari la nyumbani ni lile ambalo zaidi ya nusu yake imetengenezwa na mikono ya hapa!"

Tukapitisha kwa kauli moja. Tukakagua magari yote mjini, na moja likafaulu: pikapu ya Nthenya. Alikwenda kuuza maembe yake kwa raha, soko zima likiwa lake. Gari jeusi likapelekwa Kyumbi. Mwenyekiti alilisindikiza kwa macho kama mzazi aliyempeleka mtoto shule ya bweni.

Ulikuwa ushindi mtupu, ila alasiri hiyo Waziri alikuwa anakuja uwanjani kuzindua sera yetu, na sera ilimtaka Mwenyekiti awasili kwa gari la nyumbani. Tukamfuata Nthenya.

"Hamna shida, mtapanda," akasema. "Lakini kwanza mnisukume. Stata ni mgonjwa."

Tukavua makoti, tukasukuma. Mheshimiwa aliongoza kwa mfano, mabega yakiwa kwenye geti la Tala. Mteremko ukaipokea pikapu, injini ikakohoa, ikanguruma, ikaondoka.

"Simama!" akapiga kelele Mwenyekiti.

"Nikisimama itazima!"

Tukaenda kwa miguu. Tulipofika, bendi ilikuwa imekwisha kulipokea gari pekee la nyumbani, na Waziri alikuwa amemketisha dereva wa gari hilo kwenye kiti cha Mwenyekiti. Nthenya alishika maikrofoni.

"Gari yenye inabeba mzigo yetu ni yetu," alisema. "Watu warudishiwe magari yao Kyumbi, watu wauze."

Hotuba ikaishia hapo. Waziri, ambaye hakuwahi kusikia hotuba fupi namna hiyo, aliikubali palepale kuwa sera mpya ya serikali.

Ndipo Nthenya alipotuona pembeni, tumejaa vumbi.

"Mheshimiwa Waziri, ona yule mzee. Yeye ndiye alinisukuma mpaka nikafika hapa."

Waziri akaguswa sana. "Taifa linahitaji watu wa nyuma kama hawa!" akasema, akasimama. Uwanja mzima ukasimama naye, makofi yakarindima. Mwenyekiti wetu alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akapunga mkono.