Kila Mnyoo na Makao Yake

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa kwa sayansi! Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti wa samaki ametangaza kwamba mkuu mpya wa maabara atateuliwa Ijumaa, na kwamba atapewa nyumba iliyo nyuma ya matangi. Nyumba! Yenye jiko lake na ufunguo wake. Tumebaki washindani wawili: mimi, na mtafiti mwenzangu ambaye kituo kizima humwita Bi Haraka, kwa kuwa humpasua samaki kabla hajamaliza kutikisa mkia. Kila mmoja atapasua kambare mbele ya kamati na kueleza jinsi jamii za minyoo zinavyojipanga tumboni mwa samaki huyo.

Msimamo wangu unajulikana. Minyoo wote, wawe tegu, wenye vichwa vya miiba au wale wa mviringo, husongamana mwishoni mwa utumbo, na sehemu ya juu huachwa tupu. Nimeliona hilo katika kila kambare niliyempasua. Nimeliita Kanuni ya Msongamano wa Nyuma. Bi Haraka anadai kila aina ina makao yake: tegu juu, wenye miiba katikati, wa mviringo chini. Anadai pia kwamba samaki mdogo hubeba baadhi tu ya aina zile zile anazobeba mkubwa. Mawazo ya mtu asiyetulia.

Nyumbani kwa dada, shemeji ameniuliza tena nitahama lini. Nilikuja kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa tatu, lakini nani anahesabu? Shemeji, kumbe. Nikamwambia Ijumaa nakabidhiwa nyumba. Akainuka, akaizungushia Ijumaa duara jekundu kwenye kalenda. Dada akaongeza, bila kunitazama, kwamba nyumba ipatikane isipatikane, duara halifutwi. Shemeji alikuwa akiimba.

Jumanne, 4 Machi

Nimebuni hila. Si hila, mkakati. Kambare mkubwa amekula mengi, kwa hiyo amebeba minyoo wengi. Katika matangi ya kituo mna wakubwa wawili tu. Bila wao, Bi Haraka atabaki na vijisamaki vyenye mnyoo mmoja mmoja, na kamati itasinzia.

Nimewachukua wote wawili. Mtunza matangi aliuliza nawapeleka wapi. Nikasema kwenye uchunguzi wa awali. Akasema hajawahi kuona uchunguzi wa awali ukifanyika ndani ya begi la nguo. Nikampuuza. Begi lilinipiga mateke njia nzima.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi ya kelele. Niliwahifadhi kambare katika beseni la bafuni, nikasahau kwamba kambare hujikokota nchi kavu akiamua. Shemeji alikutana na mmoja ukumbini akiwa na taulo kiunoni (shemeji, si kambare). Alipiga ukelele ambao sikuutarajia kwa mtu wa kimo chake. Dada akanifahamisha, kwa utulivu wa kutisha, kwamba mgeni wake hana ruhusa ya kukaribisha wageni wengine.

Kazini, furaha tupu. Bi Haraka amegundua tangi halina wakubwa. Nikasubiri alie. Hakulia! Alisema wadogo watamtosha, atapasua wengi. Kisha akauliza, kaka yangu, wewe humpasua samaki baada ya muda gani tangu afe? Nikamweleza kwamba mwanasayansi mstaarabu humweka samaki kwenye friji, hunywa chai, husoma gazeti, ndipo hushika kisu. Siku zote? Siku zote! Akatabasamu, akanisihi nisiubadilishe utaratibu huo kabla ya Ijumaa.

Heshima, hatimaye. Hata mpinzani huinama mbele ya nidhamu.

Alhamisi, 6 Machi

Kambare wamekufa kwa heshima na sasa wamelala katika friji ya dada, juu ya maziwa. Shemeji aliuliza kama friji nayo nimehamia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni kwa muda tu. Alicheka kicheko kisicho na raha.

Mezani aliniuliza, kwa mara ya kwanza, kuhusu kazi yangu. Nikafurahi! Nikamweleza habari za tegu: kwamba hana mdomo wala tumbo, hawindi wala hahangaiki, anajishikiza mahali chakula kinapofikia, anafyonza kwa ngozi, na anarefuka. Shemeji alimtazama dada kwa muda mrefu, akasema yeye amewahi kumwona mmoja, mkubwa sana. Nikamuuliza wapi. Akaniomba nimsogezee bakuli la nyama kabla sijalimaliza.

Lazima nimbane anionyeshe. Huenda ni aina mpya.

Ijumaa, 7 Machi



Bi Haraka alianza. Alimuua kambare mbele ya kamati na kumpasua papo hapo. Tegu juu, wenye miiba katikati, wa mviringo chini, kama wapangaji waliolipa kodi. Akampasua wa pili: tegu hakuwepo, waliosalia wapo kwenye nafasi zao. Wa tatu, mwenye miiba peke yake, katikati, ametulia. Hivi visamaki, alisema, kila kimoja kimepata minyoo walioletwa na chakula chake. Kamati haikusinzia.

Ikafika zamu yangu. Nilifungua mkubwa wa kwanza kwa madaha. Juu: patupu. Katikati: patupu. Nyuma: umati! Nikapaza sauti: tazameni msongamano! Hata mkurugenzi aliinuka kitini. Nilianza kuiona nyumba, na mapazia yake.

Hapo Bi Haraka akaomba radhi, akasema ana kambare mwingine mdogo aliyemuua jana na kumweka kwenye friji, kwa kufuata utaratibu wa kaka yake. Akampasua. Juu patupu, katikati patupu, nyuma umati. Aliniachia kisu.

Mkurugenzi aliniuliza kama nimewahi, hata siku moja, kufungua samaki aliyekufa muda huo huo. Nikamjibu kwamba chai huwa haijaiva. Akasema basi miaka yote hii sikuwa nikieleza jinsi minyoo wanavyokaa; nilikuwa nikieleza jinsi wanavyotoroka msibani. Kamati ilicheka hadi mmoja akavua miwani kujifuta. Bi Haraka amekabidhiwa ufunguo.

Nalaumu minyoo. Viumbe wasio na shukrani! Wamelishwa, wamehifadhiwa, wameepushwa na mvua na jua. Mwenyeji anapoa kidogo tu, tayari wamebeba virago!

Jumamosi, 8 Machi

Kambare wa pili, ambaye sikupata nafasi ya kumfungua, alibaki kwenye friji ya dada. Minyoo wake hawakubaki. Shemeji amemkuta mmoja juu ya siagi.

Dada hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Alisema tu, kwa sauti ya ubaridi, kwamba Ijumaa imeshapita, kisha akaondoa sahani yangu mezani. Sahani yangu! Ile ya kiti cha karibu na sufuria! Nikahisi nyumba nzima imepoa.

Nimebeba virago kabla ya chakula cha mchana. Shemeji alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikamuuliza kuhusu lile tegu lake. Akasema limetoka leo. Bahati mbaya kwa sayansi, hakulihifadhi.

Jumapili, 9 Machi

Nimefika kwa shangazi. Mwanamke mkarimu, anaishi peke yake, anapika kwa wingi. Nimemwambia ni wiki mbili tu.

Akili imetulia na nimeliona kosa la kamati. Samaki wa Bi Haraka walikuwa wadogo mno! Nani alimpa wadogo tupu? Uzembe wa wazi, na nitamwandikia mkurugenzi kumweleza hivyo. Pia sitaki tena kusikia habari za kupasua papo hapo: minyoo walioshtuliwa ghafla hawana muda wa kuonyesha tabia yao halisi. Wanahitaji utulivu, baridi, na mtafiti mwenye subira ya kumaliza chai yake.

Shangazi aliniuliza nitakaa wapi mezani. Nikachagua pale chakula kinapofikia kwanza, nisimsumbue kuzunguka na bakuli. Ameniongezea mara mbili bila kuombwa. Nilipokwisha kula nilimshukuru, kisha nikamuuliza friji iko wapi.