Ombi la Kumhamisha Mume Wangu Kutoka Kwenye Tuta la Mto

Mhashamu Baba Askofu Mkuu,

Natumaini umeshapumzika baada ya vita vitakatifu ulivyotutangazia sisi wakulima wa mabondeni mwa mto Weser. Mimi ni Wobbeke, mjane wa Eilert, aliyeuawa na askari wako. Kwa kuwa ulituita wazushi wa dini, na umekataza wazushi wasizikwe kanisani, tulimfukia kwenye tuta la kuzuia mto, katika kipande ambacho watu wa nyumba yetu hukitengeneza kila mwaka. Naomba ahamishiwe uwanja wa kanisa, karibu na marehemu binti yetu Geske, kwa sababu hizi:

1. Mhubiri wako alisema tunabusu vyura katika ibada ya shetani. Baba, nimeishi na Eilert miaka kumi na tisa. Hata mimi nilibusiwa Pasaka tu, tena baada ya kumkumbusha afute tope kwenye ndevu. Hao vyura wangepata zamu lini?

2. Alishtakiwa kukataa zaka. Si kweli. Alimwambia mtu wako kwa adabu, "Bwana mkubwa, kondoo wa kumi ni wa kanisa. Mimi ninao wanne. Keti basi, tumngoje."

3. Askari wako waliahidiwa kusamehewa dhambi zote wakituua. Aliyemuua Eilert aliondoka pia na chungu chetu, maharagwe yakiwa bado yanachemka. Leo bwana huyo ni safi kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Padri wetu hajawahi kumsafisha mtu haraka hivyo. Sasa Eilert, aliyemfikisha askari huyo mbinguni kwa shingo yake mwenyewe, atanyimwaje shimo moja kanisani?

4. Geske alikuwa akiogopa kulala peke yake. Eilert alikuwa akimshika kidole gumba cha mguu mpaka asinzie. Hii si hoja, nimeiandika tu.

Wasalimie mapadri wako, wapishi, na farasi. Yule bwana wa chungu mwambie kifuniko kimebaki kwangu.

Mwanao katika imani, hata ukikataa,
Wobbeke

Nyongeza: Nimemsomea barua hii shemeji yangu Luder, atakayekuletea. Akasema, "Shemeji, una akili kweli? Mto umejaa tangu juzi, tuta linavuja kote isipokuwa pale alipo kaka. Tulimshindilia udongo huku tunalia, hatukujua kupima. Ukimtoa, tunaogelea wote."

Nimekwenda kuona. Ni kweli. Basi, Baba, usimguse. Maji yakipungua, nitampeleka Geske kwake.