Kamati ya Madaraja ya Vitufe

Tangazo uliliona, ukageuza uso kama kawaida yako. Lilibandikwa langoni: Ofisi ya Kusikiliza Kero za Wananchi, Kairo, imeingia zama mpya, na kuanzia sasa mwananchi atasikilizwa kwa kioo cha kugusa. Ukasoma, ukaenda zako kununua mkate. Basi kaa usimuliwe.

Mtambo uliunganishwa na fundi Rawya, binti wa Kichochoro cha Wapaka Rangi, ambacho kilikuwa hakijaona maji miezi minne. Kikao cha kwanza kilipangiwa kichochoro hicho, kirushwe moja kwa moja kwenye televisheni, na jirani yake Hajjat Inshirah alipewa dakika tatu za kusema. Rawya alitaka kitu kimoja tu: dakika hizo zisikike.

Kazi yenyewe haina makuu. Kila kitufe kwenye kioo huwasha na kuzima kitu chake, nacho hupewa namba, maana mashine haijui majina ya watu. Rawya akapanga: taa moja, mapazia mbili, na kuendelea. Kipaza sauti cha mkurugenzi wa ofisi, Shawkat, kikaangukia kumi na nne.

Mheshimiwa aliitazama orodha kama aliyeona unywele kwenye mchuzi. "Yaani pazia linanitangulia mimi?"

"Ni namba tu, bwana mkubwa. Mashine haijui mkubwa wala mdogo."

"Itafundishwa."

Ndipo ikaundwa, kwa busara ya hali ya juu, Kamati ya Madaraja ya Vitufe. Ilikaa wiki sita na kula maharage ya kutosha. Mkurugenzi akapata moja. Manaibu wawili, walioajiriwa siku moja, walikataa kutanguliana, wakapewa mbili wote. Rawya akaeleza kwamba vitufe vyenye namba ile ile mashine huviona kitu kimoja: ukigusa hiki, na kile kinaitika. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu kwamba huo ndio mshikamano wa watumishi.

Kengele ya mpika chai ikafunga orodha kwa namba arobaini na moja. Kikabaki kipaza sauti cha mwananchi.

"Raia hana daraja," alisema mkurugenzi. "Ukimpa arobaini na mbili, ameshakuwa mtumishi. Kesho anadai pensheni."

"Bila namba kitakuwa bubu, bwana mkubwa. Na televisheni itakuwepo."

Mkurugenzi akatafakari. Pale langoni, asiye na cheo huingia kwa cheo cha mwenyeji wake; bawabu husema huyu ni mgeni wa bwana mkubwa, na mtu anapita. "Wote ni wageni wangu," akasema kwa ukarimu. "Mwandikie moja."

Rawya akaandika moja. Alishaeleza, na imo kwenye kumbukumbu. Orodha ikapigwa muhuri wa tai, ule wa serikali.

Siku ya kikao Hajjat alianza na salamu, akafika kwenye maji. "Hayajakatika, mwanangu. Yamehamishwa. Nimelifuata bomba kwa miguu yangu hii, likanifikisha kwenye bustani ya..."

Mkurugenzi akagusa kitufe, akamzima. Akainamia kipaza sauti chake kulieleza taifa kwamba muda umekwisha. Midomo ikacheza, sauti hakuna. Akagusa kitufe chake. Kikawaka, na cha Hajjat kikawaka.

"...ya nyumba yako mpya," akamalizia Hajjat. "Nyasi zimependeza, Mungu azibariki."

Akazima, kimya wote wawili. Akawasha, wote wanasikika. Akamgeukia Rawya, vipaza sauti vikiwa bado vinawaka, akamwamuru abadilishe namba sasa hivi.

"Siwezi, bwana mkubwa. Ina muhuri wa tai. Mpaka kamati ikae."

Maji yalirudi kichochoroni kabla ya sala ya alasiri.

Kamati inakaa Alhamisi. Leo ni Jumatatu. Ukumbi hufunguliwa kila asubuhi saa tatu, na mpaka hiyo Alhamisi mkurugenzi hawezi kusema bila na wewe kusikika. Mtaa wenu hauna taa tangu Ramadhani, usiniambie hujui. Vaa viatu. Chukua kitambulisho, mgongee na jirani mlango, mwende mkakikalie kile kiti cha mwananchi kesho.