Wapinzani Wasiopikika

Hema la Korongo Wenye Njaa,
Maegesho ya Magharibi, nyuma ya uwanja,
Bayou Cendre, Louisiana.

Kwa Bwana Preston Whitlow,
Mkurugenzi wa Michezo,
Chuo Kikuu cha Bayou Cendre.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUTUPANGIA TIMU ZISIZOLIKA

Natumai barua hii itakukuta mzima na umeshiba. Sisi huku ni wazima, ila kushiba hatujashiba, na sababu ni ofisi yako.

Mimi ni Ulysse Guidroz, mpishi wa hema la bluu la mashabiki, ambalo moshi wake huingia dirishani kwako kila Jumamosi ya mechi. Uliwahi kumtuma mlinzi aje kutuonya, akala, akasahau alichotumwa. Desturi yetu unaijua: tunampika mpinzani. Ikija timu iitwayo Mamba, tunapika gumbo, ule mchuzi wetu mzito, ya mamba. Wakija Bata, wanaingia sufuriani. Bakuli la kwanza hupewa shabiki mgeni, amle mnyama wake mwenyewe mbele yetu, na kusema kweli wengi huomba la pili. Ndipo tunaingia uwanjani, na tunashinda. Mamba tuliwafunga, na Bata, na Kobe, na Nyoka. Huwezi kushindwa na mtu ambaye tayari yuko tumboni mwako.

Sasa umetoka na ratiba mpya ya msimu huu, nami naona wazi kuwa haikupangwa na mtu mwenye sufuria. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlituletea Vimbunga. Mheshimiwa, kimbunga kinachinjwa wapi? Nilijitahidi. Nilijaza sufuria mchuzi na pilipili, nikakoroga kwa nguvu zangu zote mpaka katikati pakafanya shimo, nikawaambia watu, "Kimbunga hicho, kuleni!" Kikatoka sufuriani na kutua juu ya shati jeupe la shemeji yangu Curley Robichaux, kaka wa mke wangu. Tulifungwa vibaya, na juu ya hayo mvua ikatunyeshea.

2. Mkafuatisha Wachimba Migodi. Hapo nilifukia viazi ardhini pamoja na makaa, ili watu wachimbe chakula chao wenyewe. Wazo zuri, au siyo? Shangazi Eulalie alichimba, akauma, na alichouma hakikuwa kiazi. Sasa anakunywa supu kwa mrija na hanisalimii. Tukafungwa tena.

3. Jumamosi hii mmetupangia Maaskofu. Hebu tuongee kama watu wazima. Timu ya chuo cha kanisa inaitwa Maaskofu, na hema letu linampika mpinzani. Mlitaka nifanye nini? Padri Anselm hula nasi tangu hema lilipoanza, na kiti chake kiko palepale ubavuni mwa sufuria. Siku ratiba ilipotoka vijana walianza, "Baba Padri, leo umenona!" Mwingine akampima kiuno kwa mwiko. Alicheka siku ile. Wiki iliyofuata alihamisha kiti chake kwenda hema la jirani, kwa wale wanaochoma mahindi tu. Na sasa nasikia Askofu mwenyewe, yule wa kweli, anakuja kuangalia mechi, na amesema angependa kubariki chakula cha mashabiki. Atainama juu ya sufuria yangu, Mheshimiwa! Watu wetu nawajua, mmoja lazima atapiga kelele, "Msukume!"

4. Hili ndilo linaloniuma. Curley amelitumia balaa hili kunichimba. Anazunguka maegeshoni akisema, "Shemeji anatupa hotuba, mimi nitawapa soseji." Soseji, Bwana Whitlow! Soseji ni mpinzani wa nani? Lakini watu wakishafungwa mara mbili hawasikii hoja. Wamekaa kikao nyuma ya pikapu la Curley, wakaamua kwamba tukifungwa tena Jumamosi hii, mwiko unahamia kwake.

Mwiko huo ni mrefu kama kasia, na nilikabidhiwa na marehemu mjomba Télesphore akiwa kitandani. Sioni haya kukwambia: sina cheo kingine duniani. Kiwandani naitwa "wewe wa zamu ya pili". Nyumbani wajukuu wananiita "yule babu mwingine". Ni pale tu, katikati ya moshi na magari, ndipo watu wasionijua jina wanapopaza sauti, "Mpishi! Mpishi!" na mimi nageuka. Nikinyang'anywa mwiko sijui nitageuka nikiitwa nani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima zote:

Kwanza, chuo kisikubali tena mechi na timu yoyote kabla mpishi hajaulizwa. Pili, Maaskofu waandikiwe wabadili jina kabla ya Jumamosi. Kondoo litawafaa, na halipingani na dini yao. Tatu, wakikataa, mechi iahirishwe kwa sababu za kiafya. Nne, ofisi yako iajiri mtu wa kukagua kama wapinzani wanaiva. Niko tayari kuifanya kazi hiyo bila mshahara, mradi nipewe kofia.

Nasubiri jibu lako kwa matumaini. Nisalimie mama watoto, makocha wote, wapiga tarumbeta, na yule mlinzi. Mwambie bakuli lake lipo.

Wako mtiifu, mwenye njaa,
Ulysse Guidroz,
Mpishi.

N.B. Nilimpa mke wangu Odalie barua hii airekebishe kabla sijaituma. Yeye ndiye anayenunua nyama na kuikatakata. Mimi nakuta imeshaiva nusu, nakoroga. Alisoma, akakaa chini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Akaniuliza, "Ulysse mume wangu, nyoka gani ana mapaja?"

Ni kuku, Mheshimiwa. Mamba alikuwa kuku, Kobe alikuwa kuku, hata Bata alikuwa kuku. Anasema nyama ya mamba ilimtia kinyaa tangu siku ya kwanza.

Basi ratiba iacheni kama ilivyo, na Maaskofu waje na jina lao. Odalie amekubali kumficha kaka yake siri hii, kwa sharti kwamba mwiko aushike yeye. Mimi nitakuwa msaidizi wake, na ameahidi kuniita Mpishi mbele za watu.

Nabaki na ombi moja tu. Nimesikia kaskazini kuna chuo ambacho timu yake inaitwa Majogoo. Tupangieni hao, kila Jumamosi, mpaka nife.