Nilivyomrekodi Bi Truus

Jumapili, 12 Januari 2025, Ibra
Nada, binti wa dada yangu, anaandika utafiti wa chuo kuhusu lugha. Anataka maneno ya Bi Truus, mke wa jirani yetu Hud. Bibi huyu ni Mholanzi wa kijiji kimoja cha Limburg. Huko kwao, kasema Nada, sungura mmoja hutajwa kwa sauti ya kuvuta. Sungura wengi, neno lile lile, sauti inaporomoka tu. Ajabu! Atakayekwenda kurekodi ni Badar, ami yake. Jina lake litaandikwa kwenye shukrani. Na mie mjomba je? Haiwezekani!

Jumatatu, 13
Nimemwambia Nada kuwa Badar ana kikohozi, ataharibu. Badar buheri wa afya. Nada ana mitihani chuoni Nizwa, kakubali niende mie. Kanionya: Bi Truus anasafiri kesho jioni kupasuliwa koo, na daktari kasema sauti haitorudi ilivyokuwa. Nafasi ni hii moja.

Jumanne, 14
Kazi safi! Maneno mia mbili, kwa kahawa na halwa. Koo likimuuma, masikini, lakini kayasema yote. Na mie nimemsikiliza kwa adabu, si kama watoto wa siku hizi. Kila neno nimemwitikia. Ehee! Naam! Mashallah!

Jumatano, 15
Balaa. Nada kaisikiliza rekodi, kanipigia simu. Kila neno, pale pale sauti inapopanda au kushuka, nipo mie: Ehee! Yote mia mbili. Nikamwambia Nada mtu mzima akisema haachwi kimya, ndivyo tulivyolelewa. Nimemsikia analia, kisha dada yangu akaichukua simu, akanikatia.

Ijumaa, 17
Bi Truus kapasuliwa, salama. Hud kasema sasa anaandika kwenye karatasi tu. Wallahi najuta. Bibi wa watu kajikaza na koo bovu kwa ajili ya mtoto wetu, nami nikaifunika sauti yake. Badar alikuja, nikakiri habari ya kikohozi. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Jumamosi, 18
Dawa nimeipata! Maneno yale si niliyasikia kwa masikio yangu? Nitayasema na kuyarekodi mwenyewe, sauti nyembamba kidogo. Sungura mmoja, navuta. Wengi, naporomosha. Hatojua mtu. Badar kakubali kukaa nami, ila kanuna kimya kama gogo. Nimemwambia hivyo sivyo, yakhe, nitajiona nasema na ukuta. Kila neno aniitikie.